ADUI ALIYEJIFICHA NDANI YA NYUMBA
Namna seli za mwili zinavyomgundua na kumpiga, na wajibu wetu Waislamu wa Hanang na Mbulu

(Mada iliyotolewa baada ya Swala ya Ijumaa mbele ya waumini na wazazi wa wanafunzi wa madrasa, wilayani Hanang)

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (s.w.t.), Mola wa viumbe vyote, aliyemuumba mwanadamu kwa umbo lililo bora na akamuwekea walinzi asiowaona. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Ahli zake, Maswahaba zake, na kila atakayeifuata njia yao mpaka Siku ya Malipo. Ama ba'ad.



Huenda baadhi yenu mmestaajabu kuiona anuani ya mada hii. Mmetuzoea tukizungumzia Tawhidi, Swala, tajwidi na malezi ya watoto, na leo tunataka kuzungumzia seli na bakteria. Sisi si madaktari. Elimu yetu tuliipata kwa lugha ya Kiarabu, katika vitabu vya Fiqhi na Hadithi. Lakini yapo mambo yaliyotokea katika madrasa yetu wenyewe ambayo yametulazimisha kusoma tusiyokuwa tukiyasoma, na kuwauliza wanaojua, kwa kuitii ile amri iliyomo katika Suratun Nahl ya kuwauliza wenye ujuzi pale tusipojua. Basi tunaanza na tukio lenyewe.

KISA CHA MWANAFUNZI WETU

Miaka michache iliyopita alikuwapo mwanafunzi wetu wa umri wa miaka kumi na miwili, kutoka katika kijiji kimoja kilicho chini ya mlima Hanang. Alikuwa mwepesi wa kuhifadhi. Ikatokea akaota uvimbe shingoni, upande wa kulia, mfano wa yai la kware, kisha ukawa mkubwa zaidi. Haukumuuma. Jioni alipata homa, na alikuwa akisinzia darasani. Sisi tulimkemea kwa kusinzia.

Siku moja tukaona kamba nyeusi shingoni mwake, ina kijifuko cha ngozi. Alikuwa amefungwa hirizi na bibi yake aliyekuwa akimlea. Tukaikata hirizi ile mbele ya wanafunzi wote, tukatoa darsa la nusu saa juu ya Hadithi ya Uqba bin Aamir (r.a.) iliyopokewa na Imamu Ahmad, ambayo ndani yake Mtume (s.a.w.) amebainisha kwamba kutundika hirizi ni shirki. Tukamsomea mtoto ruqya ya kisheria, tukampa asali na habbat sauda, tukarejea nyumbani hali ya kuwa nafsi zetu zimeridhika kabisa.

Baada ya miezi minne uvimbe ule ukapasuka, ukawa unatoa usaha usiokauka. Mtoto alikuwa amekonda mno. Hapo ndipo alipopelekwa hospitali, ikachukuliwa sampuli ya tezi, na majibu yakaja kuwa ni kifua kikuu cha matezi. Tulipokwenda kumjulia hali, yule bibi alitukaribisha, akatuandalia mahali pa kukaa, kisha akasema kwa upole: "Mwalimu, ulimvua mjukuu wangu hirizi. Ukamvisha nini?"

Ndugu Waislamu, hatukuwa na jibu. Katika jambo la hirizi tulikuwa sahihi, na lau lingerudi leo tungeikata tena. Lakini tuliondoa shirki na tukauacha ugonjwa. Tulifunga mlango mmoja wa batili, na hatukumuonesha mtoto yule mlango wa haki uliokuwa wazi, ilhali dawa ya maradhi yake inatolewa bure katika nchi hii. Mada hii ni jibu letu kwa bibi yule, ingawa limechelewa.

UGONJWA HUU UNA NASABA NA MIFUGO YETU

Mnamo tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, daktari wa Kijerumani Robert Koch alitangaza kuwa amekiona kiumbe kinacholeta kifua kikuu. Ni bakteria mdogo mfano wa kijiti, aliyefunikwa na ukuta mzito wenye mafuta kama nta. Huzaliana polepole: bakteria wengine hugawanyika kila baada ya dakika ishirini au thelathini, na huyu huchukua takriban siku nzima. Polepole hiyo ndiyo inayoufanya ugonjwa uwe mrefu, na dawa yake nayo iwe ndefu.

Wengi hupata maradhi haya kwa kuvuta hewa iliyochanganyika na matone yanayotoka kwa mgonjwa anayekohoa. Lakini bakteria huyu ana ndugu yake wa karibu anayekaa katika ng'ombe, na ndugu huyu humwingia mwanadamu hasa kwa njia ya maziwa mabichi. Anayempata kwa njia hiyo huweza kuugua matezi ya shingo au tumbo bila ya kukohoa hata mara moja. Utafiti uliofanywa kaskazini mwa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2004 uliwakuta baadhi ya wagonjwa wa matezi wakiwa na bakteria wa ng'ombe. Na utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2007, uliohusisha vijiji vya mikoa ya Arusha na Manyara, uliwakuta ng'ombe wenye maambukizi.

Nani katika sisi asiyejua maana ya maneno haya? Sisi ni watu wa ng'ombe. Kuanzia Mbulu, Dongobesh na Haydom hadi Katesh, Endasak na Basotu, mali ni ng'ombe, mahari ni ng'ombe, na heshima ya mgeni ni maziwa. Zipo nyumba ambamo ndama na watoto wanalala chini ya paa moja. Wapo wanaoamini kuwa maziwa yakichemshwa nguvu zake hutoka. Hatuyasemi haya kwa kuwadharau Wairaqw, Wadatoga au kabila lolote, kwani sisi wenyewe tumelelewa kwa maziwa hayo. Tunayasema kwa sababu nasaha ni katika dini.

MLINZI ALIYEGEUZWA MAKAZI

Sasa tuangalie yanayotokea ndani ya mwili, kwani humo mna mazingatio kwa wenye akili.

Mwili wa mtu mzima umejengwa kwa matrilioni ya seli, kila moja ikiwa kama nyumba ndogo yenye utando wake, ghala lake na kazi yake. Miongoni mwa seli hizo zimo zinazozunguka kwa ajili ya ulinzi. Mwaka ule ule wa 1882 ambao Koch alimtangaza adui, mwanasayansi aitwaye Élie Metchnikoff, akiwa Messina katika kisiwa cha Sicily, alichoma miiba katika viluwiluwi vya kiti cha pweza, ambavyo mwili wao unapenya mwanga. Asubuhi yake akaona kwa hadubini chembe ndogo zimeuzunguka mwiba zikitaka kuumeza. Akaziita seli walaji. Kwa kazi hiyo alishiriki Tuzo ya Nobeli ya mwaka 1908.

Seli mlaji ya mapafuni, ambayo wataalamu huiita makrofeji, inapomkuta bakteria humkumbatia na kumtia tumboni mwake, ndani ya kijifuko cha utando. Kisha kijifuko hicho huungana na vijifuko vingine viitwavyo laisosomu, vyenye tindikali na vimeng'enya vikali, na adui huyeyushwa. Hivyo ndivyo wanavyokufa bakteria wengi kila siku bila ya sisi kuwa na habari.

Lakini bakteria wa kifua kikuu ana hila. Akishamezwa hutoa kemikali zinazozuia kijifuko chake kisiungane na tindikali. Hukaa humo ametulia, hula mafuta ya mwenyeji wake, na huzaliana. Yule aliyekuja kumkamata sasa ndiye anayempa hifadhi. Na hayuko peke yake katika tabia hii. Bakteria wa bruselosisi, ugonjwa unaowafanya ng'ombe na mbuzi watupe mimba na kumletea mtu homa za kupanda na kushuka na maumivu ya viungo, naye hujificha ndani ya seli hizo hizo, na naye hupatikana kwa maziwa mabichi. Hata bakteria wa tauni, iliyozuka wilayani Mbulu mwaka 2007, huanza safari yake mwilini kwa kujisitiri ndani ya seli walaji kabla ya kuenea.

Uzito wa jambo hili uko hapa: kingamwili, yaani zile protini za damu zinazoelea na kumnasa adui, haziingii ndani ya seli. Adui akiwa njiani humfikia. Akishaingia ndani na kufunga mlango, hazimfikii. Kwa hiyo seli yenyewe ndiyo inayopaswa kujua kwamba ndani yake mna mgeni asiyealikwa.

SELI INAMJUAJE ADUI ALIYE NDANI YAKE?

Hapa tunaomba usikivu wenu, kwani mengi ya haya yamejulikana katika miongo ya karibuni tu.

Njia ya kwanza ni kuitambua alama ya ugeni. Ukuta wa bakteria umejengwa kwa vitu ambavyo mwili wa mwanadamu hauvitengenezi kamwe. Seli ina protini maalumu za kunusa vitu hivyo, nyingine ziko juu ya utando wake, nyingine ndani ya vijifuko, na nyingine ndani kabisa katika ute wa seli. Kipande cha ukuta wa bakteria kikigusa protini hizo, kengele hulia. Bruce Beutler na Jules Hoffmann walitunukiwa Tuzo ya Nobeli mwaka 2011 kwa kuvumbua sehemu ya mfumo huu, Hoffmann akianza na nzi wa matunda na Beutler akiwa na panya.

Njia ya pili ni kukiona kitu mahali pasipo pake. Vinasaba vya seli yetu, yaani DNA, makazi yake ni ndani ya kiini, na kiasi kidogo katika vile vinu vya nguvu vya seli viitwavyo mitokondria. Nje ya hapo, katika ute wa seli, haitakiwi kuwapo DNA. Sasa bakteria wa kifua kikuu, katika kutaka kutoka kwenye kijifuko, hutoboa utando wake, na kwa tundu hilo vipande vya DNA yake huvuja. Yuko mlinzi anayengoja jambo hilo hilo, protini iitwayo sigasi, ambayo watafiti walioongozwa na Zhijian James Chen huko Dallas, Marekani, waliitambua na kuitangaza mwishoni mwa mwaka 2012. Sigasi ikikamata DNA iliyo mahali pasipo pake, hutengeneza kichembe kidogo cha kupeleka habari; kichembe hicho huamsha protini nyingine iitwayo stingi; na stingi huifanya seli itoe intaferoni, yaani ujumbe wa hatari unaokwenda kwa seli jirani. Mwaka 2015 tafiti kadhaa zilionesha kuwa bakteria wa kifua kikuu hugunduliwa kwa njia hii.

Zingatieni, ndugu zetu: hila ya adui ndiyo iliyomfichua. Lau asingelitoboa utando, DNA yake isingelivuja.

Njia ya tatu ni kuona uharibifu. Upande wa ndani wa kijifuko una aina za sukari ambazo hazionekani katika ute wa seli. Kijifuko kikitobolewa, sukari hizo hujitokeza, na zipo protini zinazozishika papo hapo. Ni kama mwenye nyumba ambaye hakumuona mwizi, lakini ameona ukuta umetobolewa.

Katika Suratun Naml tumesimuliwa habari ya mdudu chungu aliyeliona jeshi la Nabii Sulaiman (a.s.) linakuja, akawaonya wenzake waingie majumbani mwao. Hakuwa na nguvu ya kulizuia jeshi. Alichokuwa nacho ni kutambua na kutoa habari kwa wakati. Hatusemi kwamba aya hiyo inazungumzia seli, na tunawaonya ndugu zetu wasizilazimishe aya za Qur'ani kubeba kila uvumbuzi unaotoka maabara, kwani maneno ya wataalamu hubadilika na maneno ya Allah hayabadiliki. Tunachosema ni kuwa tumeamrishwa kutafakari yaliyomo ndani ya nafsi zetu, na haya ni katika hayo.

NA INAMPIGA VIPI?

Adui akishagundulika, seli humbandika alama. Zipo protini ndogo ziitwazo ubikwitini ambazo hugandishwa juu ya bakteria au juu ya kijifuko kilichotoboka, mfano wa chapa tunayompiga ng'ombe. Chapa hiyo huita utando mpya, nao humzunguka mwenye chapa kama gunia linalofungwa, kisha gunia zima hupelekwa katika ile tindikali aliyoikimbia mwanzo. Kitendo hiki huitwa otofaji, maana yake seli kujila sehemu yake yenyewe, na kwa kawaida seli hukitumia kusafishia taka zake na kujilisha wakati wa njaa. Mjapani Yoshinori Ohsumi alipewa Tuzo ya Nobeli ya mwaka 2016 kwa kufafanua namna kinavyofanyika. Mwaka 2004 ilichapishwa kazi iliyoonesha kuwa kwa njia hii seli mlaji huweza kumdhibiti bakteria wa kifua kikuu.

Lakini mara nyingi seli moja haitoshi. Hapo hutokea jambo ambalo sisi lilitugusa kuliko yote. Seli iliyovamiwa huchukua vipande vya adui na kuvitundika nje, juu ya utando wake, ili kila apitaye avione. Ni kama mtu anayefungua mlango na kusema: "Nyumba yangu imeingiliwa, nisaidieni." Peter Doherty na Rolf Zinkernagel, wakifanya kazi Canberra, Australia, katika miaka ya 1970, waligundua namna askari wa mwili wanavyozisoma alama hizo, na wakatunukiwa Nobeli mwaka 1996. Askari hao ni chembe nyeupe za damu ziitwazo seli T. Baadhi yao wakiiona alama huipa seli mlaji nguvu mpya kwa kemikali iitwayo intaferoni gama. Seli iliyopokea kemikali hiyo hubadilika: tindikali yake huwa kali zaidi, na huzalisha silaha mpya ambazo kabla ya hapo haikuwa nazo. Askari wengine huiua seli iliyovamiwa, ili adui akose makazi. Kisha seli nyingi hukusanyika na kumjengea ukuta yule asiyekufa, zikamfungia katika kinundu kidogo.

Ndiyo maana, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, takriban robo ya wanadamu wamewahi kuambukizwa bakteria huyu, na wengi wao hawaumwi wala hawamwambukizi mtu. Kati ya kila 100 walioambukizwa, ni 5 hadi 10 tu watakaougua katika umri wao. Waliobaki wanalindwa usiku na mchana na askari wasiowajua. Basi ni neema gani hii tusiyoishukuru?

Ukuta huo hubomoka pale walinzi wanapodhoofika: kwa utapiamlo, kwa ugonjwa wa kisukari, kwa uzee, na zaidi ya yote kwa virusi vya UKIMWI, ambavyo huziua zile zile seli T zinazowapa seli walaji nguvu. Kwa hiyo mgonjwa wa kifua kikuu hushauriwa kupima VVU, na hilo si tuhuma juu ya mwenendo wake. Ni katika kutaka kujua hali ya walinzi wake. Na tusiuone ugonjwa huu kuwa mdogo: mwaka 2023 peke yake uliwaua watu wapatao milioni 1.25 duniani.

MAFUNZO KWETU

Kwanza: kuficha ugonjwa ni kumpa adui nyumba. Seli iliyovamiwa hutundika alama nje na kuomba msaada. Sisi watu tunafunga milango tukiogopa maneno ya majirani. Mtu anakohoa miezi mitatu, anajifuta kwa leso, anasema ni vumbi la mavuno. Binti ana matezi, anavalishwa mtandio mzito ili wachumba wasione. Amesimulia Nu'man bin Bashir (r.a.), katika Hadithi iliyomo kwa Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) amewafananisha waumini katika kupendana na kuhurumiana na mwili mmoja, ambao kiungo kimoja kikiugua, mwili wote hushirikiana nacho kwa homa na kukesha. Anayemcheka au kumtenga mgonjwa wa kifua kikuu ameyaacha mafundisho hayo. Mgonjwa aliyekwisha kutumia dawa kwa wiki kadhaa, nayo ikamkubali, hatari yake ya kuambukiza hupungua sana. Na mwenye matezi pekee, asiyekuwa na kifua, kwa kawaida hamwambukizi aliyeswali pembeni yake.

Pili: kujitibu hakupingani na kutawakali. Amepokea Usama bin Sharik (r.a.) kuwa mabedui walimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu kujitibu, naye akawaamrisha wajitibu, akabainisha kuwa kila maradhi Allah ameyawekea dawa isipokuwa uzee. Ameipokea Abu Dawud na Tirmidhi. Ruqya ni haki, asali ni shifaa kwa nassi, wala hatumzuii mtu. Lakini mwenye kuyafanya haya kuwa kisingizio cha kutokwenda kupima, huyo amefanya kama tulivyofanya sisi.

Tatu: wako wanaotuletea Hadithi isemayo kuwa hakuna maambukizo, wakaitumia kudharau tahadhari. Tunasema: Mtume yule yule (s.a.w.) amemkataza mwenye ngamia wagonjwa kuwapeleka kwa wenye ngamia wazima, na amekataza kuingia katika nchi yenye tauni au kuikimbia kwa aliyekwisha kuwamo. Maulamaa wamezikusanya Hadithi hizi wakabainisha kuwa kilichokanushwa ni ile itikadi ya zama za Ujahilia ya kwamba ugonjwa huambukiza kwa nguvu zake wenyewe bila ya Allah kutaka. Sababu zenyewe hazikukanushwa. Umar bin Al-Khattab (r.a.) alipofika Sargh akaambiwa kuna tauni Sham, alirudi na watu wake. Abu Ubayda (r.a.) alipomuuliza kama anaikimbia qadari ya Allah, alijibu kuwa anatoka katika qadari ya Allah kuelekea qadari ya Allah. Na Ibn Hajar, aliyefariki mwaka 852 Hijria (1449), ambaye mabinti zake walichukuliwa na tauni, ameandika kitabu kizima juu ya maradhi hayo. Dini yetu haikuwaogopa wanaouliza maswali haya.

Nne: dawa iliyoanzwa imalizwe. Tiba ya kawaida ni miezi 6: miezi 2 ya mwanzo dawa za aina nne, kisha miezi 4 dawa za aina mbili. Baada ya wiki chache homa huondoka, hamu ya kula hurudi, na mgonjwa hudhani amepona. La hasha! Waliokufa ni wale waliokuwa wakizaliana haraka. Waliojificha ndani ya seli na katika vinundu wangali hai. Anayeacha hapo huwaacha wale wagumu zaidi, na wakirudi huweza kurudi wakiwa hawasikii dawa. Mkojo kuwa na rangi ya machungwa ni athari ya mojawapo ya dawa hizo, na si dalili ya sumu. Itupe fahari pia kujua kuwa utaratibu wa kumsimamia mgonjwa ameze dawa zake mpaka mwisho, ulioenea duniani katika miaka ya 1990, ulipata sehemu kubwa ya uzoefu wake hapa Tanzania, katika mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma ulioanza mwaka 1977 kwa ushauri wa Dk. Karel Styblo. Tusiwe wageni wa jambo lililokulia nyumbani kwetu.

Tano: maziwa yachemshwe mpaka yatokote. Kuyagandisha peke yake hakutoshi kuaminiwa. Anayechinja akikuta vinundu vya usaha mgumu katika mapafu au matezi ya mnyama, asiile wala asiiuze nyama hiyo kabla ya kumuita mkaguzi. Kumuuzia Muislamu au asiyekuwa Muislamu kitu chenye madhara ni ghushi, na ghushi ni haramu.

Sita: watoto wachanga wapelekwe kwenye chanjo ya BCG. Chanjo hiyo ilitengenezwa na Wafaransa wawili, Calmette na Guérin, kutokana na bakteria wa ng'ombe waliyemdhoofisha, na ikaanza kutumika mwaka 1921. Haimkingi mtu mzima ipasavyo dhidi ya kifua kikuu cha mapafu, lakini inawakinga watoto wadogo na aina kali za ugonjwa, kama ule unaoingia kwenye utando wa ubongo.

TULIYOAZIMIA

Ndugu zetu, maneno bila ya vitendo ni hoja juu yetu. Kwa hiyo walimu wa madrasa yetu tumekubaliana mambo matatu. Mwanafunzi yeyote, au mwalimu, atakayekohoa kwa wiki mbili, au kuwa na uvimbe usiopungua, au homa za jioni na kukonda, hatakemewa wala kufukuzwa. Ataandikiwa barua kwenda zahanati, na mmoja wetu atafuatana naye. Uji wa wanafunzi hautatiwa maziwa ila yaliyochemshwa mbele ya msimamizi. Na atakayekuwa katika dawa, tutamsimamia amalize, kama tunavyomsimamia amalize juzuu.

Ama yule mwanafunzi, alitumia dawa zake kwa miezi yote, bibi yake akimhesabia vidonge kwa punje za mahindi alizoziweka katika kikombe. Alipona kwa idhini ya Allah. Limebaki kovu shingoni mwake, na leo yumo katika safu ya mbele. Kila tunapoliona kovu lile tunamuomba Allah msamaha kwa miezi ile minne.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, wape subira wanaowauguza, warehemu waliotangulia, na utujaalie kuwa miongoni mwa wanaosikia kauli wakaifuata iliyo njema. Uibariki mifugo yetu na maziwa yetu, na utukinge na madhara yaliyomo. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.